Bibi naye asikie

Juzi kwenye kikao cha harusi, hesabu za michango zilipoisha, maongezi yakahamia kwenye vitabu vya watoto. Jamaa mmoja aliyesoma India akacheka sana kusikia kuna kampuni huko inayotafsiri hadithi za watoto za Kizungu kwa Kihindi. Eti mwenye hela ya kitabu anajua Kiingereza, na asiyejua Kiingereza hanunui kitabu. Watu wakaitikia kama wameshushiwa aya. Nilinyamaza kwa heshima ya wenye shughuli, lakini hapa ni kwangu.

Kampuni yenyewe ni Manjul ya Bhopal, iliyoanza 1999, na ndiyo iliyomleta Harry Potter kwa Kihindi. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 520 ambao lugha yao mama ni Kihindi. Kwa hesabu za jamaa yetu, wote hao ama ni mafukara ama ni maprofesa wa Kiingereza. Katikati hakuna mtu!

Niliwahi kumsindikiza mama Delhi kwa matibabu, tukapanga chumba kwa familia moja karibu na hospitali. Jioni bibi wa nyumba ile alikuwa akikaa chini na sinia la njegere, anamenya, na mjukuu wake, binti wa darasa la tano hivi, amelala kifudifudi pembeni anamsomea Potter huyohuyo kwa sauti. Kihindi changu ni cha kwenye filamu, nikawa naambulia majina tu. Siku moja bibi akatupa maganda, akaanza kufoka. Namuuliza binti kulikoni, anacheka: bibi kamkasirikia mama mkubwa wa Harry, anayemlaza mtoto yatima kwenye kabati chini ya ngazi. Na kitabu hakiendelei mpaka amalize kumsema. Nikamweleza mama. Mama, mgonjwa, hoi, akainuka kwenye kiti: "Mwambie na mimi nimekasirika."

Kingekuwa cha Kiingereza, binti angejisomea kitandani peke yake na bibi angemenya njegere zake kimya. Anayeangalia nani kalipa dukani atasema kimeuzwa kitabu kimoja kwa mtoto mmoja. Mimi niliona nyumba nzima inagombana na mwanamke wa kwenye hadithi! Hilo ndilo Kihindi kinaloleta, na hakuna inglishi midiamu itakayolileta, hata ada iwe ya dola.

Haya, nakubali, shingo upande: majina makubwa ya nje yanaweza kuwabana waandishi wa Kihindi wenyewe. Jarida la watoto la Nandan lilifungwa 2020, na inauma. Ila hapohapo Bhopal, shirika la elimu la Eklavya walianza kutoa jarida lao la watoto, Chakmak, tangu 1985. Na mtoto aliyezoea kununuliwa kitabu cha Kihindi ndiye atakayelilia kingine cha Kihindi. Aliyefundishwa kwamba lugha ya nyumbani ni ya kupatania bei ya nyanya atalilia nini?

Bei ya vitabu nayo ni kilio, siku nyingine.

Sisi huku Dar, ukiingia dukani ukaulizia Potter wa Kiswahili, muuzaji anakuelekeza kwenye rafu ya maswali na majibu ya darasa la saba. Kwa upole kabisa, na anakuambia kuna punguzo.