Kofia ya abiria, faini ya dereva

Majuzi nilishuka stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara mjini, na begi langu, nikachukua boda kwenda mtaa wa Shangani. Kijana akanipa kofia ngumu iliyokuwa inaning'inia kwenye usukani. Nikaishika, nikainusa, nikamrudishia. Ilikuwa imeloa jasho la watu wa tangu asubuhi, na sponji ya ndani ilishachakaa hadi zimebaki nyuzi. Hakubishana. Akaitundika tena, tukaondoka. Mbele kungekuwa na trafiki, angepigwa faini yeye, mimi ningeshuka na kutafuta boda nyingine.

Naanza na kosa langu kwa sababu silisikii likitajwa katika mjadala wa mapendekezo ya kuikaza Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973. Mapendekezo hayo yamezungumzwa kwa miaka: mkanda kwa kila aliyekaa ndani ya gari na si waliokaa mbele tu, viti maalumu vya watoto, kiwango kidogo zaidi cha kilevi kwa madereva. Kwa pikipiki, sheria iseme bila kuacha mwanya kwamba dereva na abiria wote wavae kofia ngumu yenye ubora, tena ifungwe kidevuni. Hayo ya magari nayaacha. Huku kwetu Kusini pikipiki ndiyo daladala, ndiyo teksi, na ikifika usiku ndiyo gari la wagonjwa.

Wanaotaka sheria ikazwe hawajakurupuka. Tafiti nyingi zilizokusanywa na kupimwa kwa pamoja zinaonyesha kuwa kofia ngumu inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban 42%, na wa kuumia kichwa kwa takriban 69%. Mguu ukivunjika utafungwa plasta ngumu (POP) hospitali ya Ligula au ya Nyangao, miezi ikapita mtu akarudi shambani. Kichwa hakina fundi wa namna hiyo. Akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na ndugu wanaanza kuuza vitu kabla hajafika Kibiti. Wanaotetea sheria hii huitaja pia Kigali, ambako dereva hubeba kofia ya pili na abiria huivaa bila kubembelezwa. Kwenye faida ya kofia sina ubishi nao.

Ubishi wangu uko kwenye faini. Anayeilipa ni nani, na akishailipa anafanya nini?

Bodaboda wengi pikipiki si zao. Wako kwenye mkataba: kila siku wanapeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, elfu saba, pengine hadi elfu kumi, mpaka muda uliopangwa uishe na chombo kiwe chao. Deiwaka, yule anayeazimwa pikipiki kwa siku, hali yake ni ngumu zaidi, maana hata mkataba hana. Mafuta juu yake, pancha juu yake. Mwaka 2021 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, na waliopunguza wanastahili shukrani. Lakini hiyo elfu kumi ni safari kumi za buku. Ni hesabu nzima ya siku, na tajiri haahirishi hesabu kwa sababu abiria fulani alikuwa ametoka saluni.

Kijana aliyepoteza safari kumi saa nne asubuhi hawezi kurefusha siku. Anachoweza ni kuifupisha safari. Ataitafuta hiyo elfu kumi kwa mwendo, kwa kupita kushoto kwa lori la makaa ya mawe linaloelekea bandarini, kwa kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa 1%, hatari ya ajali yenye kifo inapanda kwa takriban 4%. Tuseme aliyezoea kilomita 50 kwa saa amepandisha hadi 55. Ni tano tu, hata abiria hazihisi. Lakini ni ongezeko la 10%, na kwa kanuni hiyo, kila 1% ikipanda juu ya iliyotangulia, hatari inapanda kwa karibu 46%. Sasa rudi kwenye kofia. Palipokuwa na vifo 100, kofia ingebakiza 58. Mwendo wa kufidia faini unavirudisha hadi kama 85. Najua kipimo hicho ni cha mwendo wa wastani wa barabara nzima na si cha kijana mmoja wa Chuno, na mtaalamu atanisahihisha. Hata akinisahihisha nusu nzima, bado swali linabaki: kwa nini tununue usalama kwa mkono mmoja na kuutupa kwa mwingine?

Nitajibiwa kwamba dereva ndiye mwenye chombo, asiyetaka kuvaa asipandishwe. Mwenye kusema hivyo hajakaa kijiweni. Wako kumi, abiria mmoja. Ukimkataa, jirani yako ameshawasha. Hata hivyo nakiri hoja hii ina uzito kuliko nilivyofikiri mwanzo, maana sheria inayowabana wote kumi humpa kijana pa kuegemea: "Mama, vaa, nitapigwa faini." Bila sheria hana cha kusema. Tatizo ni kwamba hilo linafanya kazi pale tu trafiki anapoonekana, mjini Mtwara, Lindi, Masasi, na kwenye barabara kuu. Kwenye mchanga wa vijiji vya Tandahimba na Newala, msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia na kila nyumba ya tatu ina pikipiki mpya isiyo na namba, trafiki ni habari ya kusikia.

Abiria naye si mkaidi tu. Mwanamke wa Mikindani aliyevaa ushungi akiweka juu yake kofia iliyokatwa kwa kichwa cha mwanamume, pini zinamchoma na kamba haifiki kidevuni. Aliyesuka jana hataki nywele zivurugike kwa safari ya dakika tano. Mama anaogopa mapunye, na ana haki ya kuogopa. Joto letu la Desemba mnalijua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotatuliwa na faini anayopigwa mtu mwingine.

Ningekuwa na kalamu, ningeandika faini mbili tofauti. Kofia isipokuwepo, au ikiwa mbovu, alipe mwenye pikipiki yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, na asiruhusiwe kuikata kwenye hesabu. Kofia nzima ikiwepo na abiria akaikataa, alipe abiria. Dereva abaki na makosa yake, na anayo ya kutosha: kamba isiyofungwa, mishikaki, leseni ambayo wengi hawana. Najua mwenye pikipiki ni mgumu kumfikia. Pengine ni mwalimu, pengine ni muuguzi, pengine ni askari huyohuyo wa pale kona, na nashuku hiyo ndiyo sababu hatajwi sana kwenye vikao. Lakini yeye ndiye anayepata faida ya chombo bila kukipanda. Gharama ya kofia mbili nzuri kwake ni hesabu za siku chache. Kwa kijana ni chakula.

Tulipofika Shangani nilimlipa, halafu nikamuuliza ile kofia ni ya tajiri?

"Tajiri kanipa pikipiki na namba ya kutuma hesabu, mzee," akasema. "Kofia zote mbili nimenunua mimi. Hiyo uliyoikataa ndiyo mpya."

Akaivika tena kwenye usukani, akageuza kuelekea Mkanaledi. Ile ya kichwani mwake haikuwa na kamba.