Jicho lililoona miili saba liliangalia pia atomu

Theosofia, mafundisho ya kiroho yaliyoenezwa na chama nitakachokitaja hapa chini, husema kwamba mwili huu wa nyama na mifupa ni vazi la nje tu. Umepenywa na mwili wa etha unaobeba uhai, wa astrali wenye hisia na matamanio, wa akili, na mingine iliyo laini zaidi, hadi kufika saba. Mtu akilala, ufahamu hutoka na mwili wa astrali. Akifa, huyavua mavazi hayo moja baada ya jingine.

Sisi tunaosema "amekata roho", na ambao nafsi na roho kwetu si kitu kimoja, hatushtuki kusikia hayo. Lakini mazoea ya lugha si ushahidi.

Ninachowaheshimia wanatheosofia ni kwamba hawakutaka tuamini tu. Chama chao kilichoanzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, Henry Olcott na wenzao kilichukua kaulimbiu kwamba hakuna dini iliyo juu ya ukweli. Wanatheosofia Annie Besant na Charles Leadbeater walidai baadaye kwamba miili hiyo huonekana kwa jicho la ndani lililozoezwa. Basi tuwapime kwa kipimo chao wenyewe.

Mwaka 1895 wawili hao walilielekeza jicho hilohilo kwenye atomu. Walisema hidrojeni ina chembe 18 za msingi. Maabara zimekuta protoni moja na elektroni moja. Watetezi wao hujibu kwamba waliona vitu vidogo zaidi, yaani kwaki. Protoni ina kwaki tatu. Ili kufika 18 lazima tudhani kuna chembe nyingine ndani yake, ambazo hakuna jaribio lililozigundua. Kwangu hili ni pigo zito, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na njia ya kuhakiki. Tena hata majina yalihama: alichokiita Blavatsky mwili wa astrali, Besant na Leadbeater walikiita mwili wa etha, na jina la astrali wakaupa mwili wa matamanio.

Je, suala la ufahamu nje ya mwili limekwisha? Hapana. Mwaka 2002 mtafiti wa ubongo Olaf Blanke na wenzake huko Uswisi walieleza jinsi umeme kidogo kwenye ubongo wa mgonjwa wa kifafa ulivyomfanya ajione akielea juu ya kitanda. Hilo linaonyesha hisia hiyo inaweza kuzaliwa ndani ya kichwa. Halielezi kwa nini ubongo unahisi chochote.

Mwaka 2014 daktari Sam Parnia na wenzake walichapisha utafiti uliorekodi visa 2,060 vya moyo kusimama. Kwenye baadhi ya vyumba waliweka rafu zenye picha ambazo zingeonekana kutoka juu tu, ili kupima kama kuna anayeona akiwa nje ya mwili. Mgonjwa mmoja alisimulia mambo yaliyotokea wakati akihudumiwa, na yakathibitishwa. Chumba alimokuwa hakikuwa na rafu.