Michoro ya Kidato cha Kwanza si Takataka

Shule zilipofungwa muhula uliopita, michoro yetu ilitolewa katika stoo ya chumba cha sanaa, ikasombwa kwa toroli hadi nyuma ya jikoni na kutiwa moto pamoja na majani yaliyofyekwa uwanjani. Haikuwa kazi ya mtu mwenye chuki. Nafasi ilihitajika kwa ajili ya madawati ya wanafunzi wa Gredi ya 10, aliyepewa kazi hiyo akaitimiza kama alivyoagizwa, na tulipouliza tulijibiwa kwa upole kwamba kazi zote zilikwisha kusahihishwa na alama zimo katika rekodi. Jibu hilo limeniuma kuliko moto wenyewe. Anayeamini kwamba mchoro umemaliza kazi yake siku unapopewa alama hajaelewa somo la sanaa linamfanyia nini mwanafunzi, na ninahofia kwamba imani hiyo haiko katika shule moja tu hapa Kisumu.

Mwanafunzi wa hisabati anayetaka kujua kama ameendelea hurudia swali lililomshinda mwaka jana, na akilipata, amejua. Mwanafunzi wa sanaa hana kipimo cha namna hiyo. Jicho lake hukua pamoja na mkono wake, na mara nyingi jicho ndilo hutangulia, kiasi kwamba kila anapopiga hatua anaona makosa ambayo hapo awali hakuwa na uwezo wa kuyaona, na kazi ya leo humwonekea dhaifu hata pale inapoizidi ya jana kwa mbali. Ndiyo maana wako wanafunzi hodari wa Sanaa na Ubunifu ambao walifika mwisho wa Kidato cha Pili wakisadiki kwamba hawana kipaji, wakaliacha somo wakati wa kuchagua masomo, ilhali mkono ndio kwanza ulikuwa umeanza kutii. Dawa ya kukata tamaa huko haipatikani kwa maneno ya kutia moyo. Inapatikana kwa kumwekea mbele yake mchoro wa zamani alioufanya mwenyewe.

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa na desturi ya kututaka tuchore chombo kimoja cha nyumbani kila mwaka, chombo kilekile, bila kutazama mchoro wa mwaka uliotangulia. Mimi nilichagua dapi ya nyanya yangu, chungu cha maji chenye tumbo pana na shingo fupi, kilichozungushiwa mkanda wa alama zilizopigwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ukiwa bado mbichi. Katika mchoro wa Kidato cha Kwanza, mdomo wa chungu hicho ulikuwa na ncha mbili, moja kushoto na nyingine kulia, mahali ambapo mstari wa juu ulikutana na wa chini kwa pembe kali, na kitako kilikuwa kimenyooka kwa rula. Wengi wanaoanza huchora hivyo, kwa sababu mkono hufuata kile ambacho akili inakijua, yaani kwamba meza imenyooka na chungu kimekaa juu yake, kabla haujazoea kufuata kile ambacho jicho linakiona. Mchoro wa Kidato cha Pili ulikuwa na mdomo ulioviringika vizuri, lakini kivuli chote kilikuwa kimepakwa kwa kidole, penseli laini na nyeusi ya 6B ikasuguliwa hadi chungu kizima kikawa kijivu kimoja kisichoonyesha mwanga unaingilia upande gani. Katika ule wa Kidato cha Tatu hapakuwa na mstari wa ukingo hata mmoja. Mwili wa chungu ulijengwa kwa mistari mifupi iliyoufuata mviringo wa tumbo, ikapishana na kukolea upande wa kulia, nao mkanda wa alama za kamba ukaachwa ukiwa karatasi tupu, ukang'aa wenyewe.

Mwalimu aliitandaza yote mitatu sakafuni, akaniambia nisiseme ni upi bora.

"Niambie ni kitu gani hakijabadilika," akasema.

Nilitazama kwa muda mrefu kabla sijakiona. Katika michoro yote mitatu chungu kilikuwa kimesogezwa kushoto hadi kikakaribia kukatwa na ukingo wa karatasi, na upande wote wa kulia ulikuwa wazi.

"Mwalimu, ni huo uwazi wa kulia."

"Hakuna aliyekufundisha huo. Endelea kuuchunguza."

Tulipofungua faili langu lote, tuliukuta katika mchoro wa mashua iliyovutwa nchi kavu pale ufuo wa Dunga, tukaukuta tena katika batiki ya wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Kanuni za mizani tulizofundishwa darasani zilinielekeza kwingine kabisa, na bado kila nilipoachiwa karatasi niliweka uzito wote upande mmoja na kuuacha upande wa pili upumue. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufanyia kazi uwazi huo kwa makusudi: naupima kabla ya kuanza, najiuliza unabeba nini, na wakati mwingine naukatalia. Kama kuna kitu ninachoweza kukiita mtindo wangu, kilianzia hapo, na hakikuonekana katika mchoro wowote mmoja. Kilionekana kwa sababu michoro mitatu ya miaka tofauti ililala sakafuni kwa wakati mmoja. Miwili kati yake sasa ni majivu.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa tunaulizwa kila mara kuhusu mtindo. Waamuzi wa maonyesho ya shule hutuuliza mtindo wetu ni upi, wazazi wanataka kujua tunachora "sanaa ya aina gani", na wanafunzi wenzangu, kwa kukosa la kujibu, huingia katika simu na kuchagua mtindo kama anayechagua kitambaa katika soko la Kibuye siku ya Jumapili: wiki hii macho makubwa ya katuni za Kijapani, wiki ijayo sura ya mwanamuziki iliyochorwa kwa makaa hadi vinyweleo vikahesabika. Sina ugomvi na kuiga. Kuiga hufundisha mkono mambo mengi, na ninawaheshimu wanaoweza kuchora unywele mmoja mmoja kwa subira ambayo mimi sina. Lakini mtindo uliochaguliwa kwa namna hiyo humfanya mwanafunzi afanane na mtu asiyemjua, na humzuia kuyaona mazoea ya mkono wake mwenyewe, ambayo tayari yamo katika karatasi zake za kwanza zinazoonekana mbaya.

Wafinyanzi wa huku kwetu wanalijua hili vizuri kuliko shule zetu. Miongoni mwa Waluo, kwa desturi, wanawake wengi wafinyanzi hujifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na wake wenza, nao hujenga chungu kwa mkono, pindo la udongo juu ya pindo, bila gurudumu. Kila jumuiya ya wafinyanzi ina namna yake ya kuinua shingo, ya kukunja mdomo na ya kupanga mikanda ya kamba, na mwenye jicho lililozoea anaweza kukitazama chungu sokoni akakisia kimetoka upande gani. Mke aliyefika karibuni hapewi somo la nadharia kuhusu mtindo. Anafanya kazi akiwa amezungukwa na vyungu vya waliomtangulia, vipya na vikuukuu, vilivyonyooka na vilivyopinda, vyenye maji na vilivyopasuka vikabaki kunyweshea kuku. Anaona alikotoka na anakoelekea bila mtu kumweleza. Chumba chetu cha sanaa hakina tena hata kazi moja ya waliotutangulia, wala ya sisi wenyewe.

Nchi hii ina mfano mwingine ambao kila mwanafunzi wa sanaa anapaswa kuujua, nao ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ya sanaa ya Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alifanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi, na alipoirudia sanaa kwa nguvu akiwa mtu mzima katika miaka ya 1980, hakuwa na fedha za kununulia rangi. Alichukua karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo na kuvibandika kimoja kimoja hadi vikawa wanawake, kuku na maisha ya kijijini, na mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika Studio Museum in Harlem. Alifariki mwaka 2021. Mtindo wake ulitokana na vitu ambavyo jikoni huonekana havina kazi tena, na hakuna ambaye angeweza kumwambia mapema ni karatasi ipi atakayoihitaji.

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh naye hutajwa sana darasani, ila hatuambiwi jinsi kazi zake zilivyotufikia. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, akafariki mwaka 1890, na katika muda huo mfupi alitoka kwenye wakulima na wafumaji wa Uholanzi, waliochorwa kwa rangi nzito za tope na viungo vilivyokakamaa, akafika kwenye manjano na buluu za kusini mwa Ufaransa. Tunaweza kuziweka kazi hizo pamoja na kuifuata safari kwa sababu ndugu yake Theo alizitunza, na Theo alipofariki miezi 6 baadaye, mjane wake Johanna aliendelea kuzitunza na kuzionyesha kwa watu hadi uzeeni. Nyingine, ambazo Vincent aliziacha kwa mama yake Uholanzi, zilipotea au zikaishia kwa wachuuzi wa vitu vikuukuu. Simlinganishi mwanafunzi yeyote wa Kisumu na mtu huyo kwa ukubwa wa jina. Ninachosema ni kwamba hata yeye tusingeweza kumwona akikua endapo watu wa familia yake wasingekuwa waangalifu na makaratasi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tatizo la nafasi ni la kweli. Mwaka huu shule za sekondari za juu zimepokea Gredi ya 10 kwa mara ya kwanza huku Kidato cha Tatu na cha Nne bado tupo, hewa ya kando ya ziwa hukunja karatasi, na mchwa hawana huruma. Sidai kila zoezi la kila mwanafunzi liwekwe milele. Lakini mfumo huohuo mpya wa elimu unaoleta madawati umeweka njia ya masomo ya Sanaa na Sayansi ya Michezo sawa na njia nyingine mbili, na unahimiza mwanafunzi aweke jalada la kazi zake ili maendeleo yake yaonekane. Haiwezekani kulitaka jalada kwa mkono mmoja na kulichoma kwa mkono wa pili.

Wapo wanaosema tupige picha kwa simu yaishe. Picha ni bora kuliko kutokuwa na kitu, basi. Haionyeshi penseli iliposhindiliwa hadi karatasi ikaingia ndani, haionyeshi mstari uliofutwa na kuacha kovu, na rangi ya maji iitwayo rangi ya posta, iliyopakwa matabaka mawili, huonekana tabaka moja. Mwalimu aliyeona ukuaji wangu aliuona kwa kuinama sakafuni na kuigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

Kuwatunzia wanafunzi kazi zao hakuhitaji bajeti ya wizara. Kila mwanafunzi achague, pamoja na mwalimu wake, kazi chache za kila mwaka, na miongoni mwake iwemo ya kwanza kabisa, hata kama ndiyo mbaya kuliko zote. Jina na tarehe viandikwe nyuma kwa penseli, kwa sababu wino hupenya na kutokea mbele. Michoro ya makaa ipuliziwe dawa ya kushikisha makaa, au ile ya kupulizia nywele kama hakuna nyingine, ili isichafue jirani. Kazi zilazwe bapa katikati ya karatasi mbili ngumu za manila zilizofungwa kwa utepe, zikae juu ya rafu ya mbao iliyopigiliwa juu ya madirisha, mbali na sakafu na mbali na ukuta unaovuja. Anayemaliza Kidato cha Nne apewe zake aende nazo nyumbani, na aombwe kuacha moja. Sisi tulio Kidato cha Nne tumekwisha kukubaliana na mwalimu kwamba tutaacha, na fundi wa mbao aliye karibu na shule ameshapima ukuta.