Rudisheni Vile Vistari vya Kilatini

Nyie mnaochapisha vitabu vya Kilatini kwa wanafunzi, tuhurumieni. Nomino ya Kilatini hubadilika mwisho kufuatana na kazi yake katika sentensi: mtenda ana kiishio chake, mtendwa chake, mwenye mali chake. Hilo sina tatizo nalo, tena ni utaratibu mzuri sana. Kinachonikera ni kufutwa kwa kistari kinachokaa juu ya irabu ndefu.

Chukua puella, msichana. Yenye a fupi ni nominativi, yaani ndiye anayetenda. Puellā yenye a ndefu ni ablativi, kama katika cum puellā, pamoja na msichana. Ondoa kistari, huoni tofauti. Na manus ndiyo balaa kabisa! Yenye u fupi ni mkono mmoja unaotenda. Manūs yaweza kuwa "wa mkono", au mikono inayotenda, au mikono inayotendwa. Anayeanza atajuaje?

Mtaniambia Warumi wenyewe kwa kawaida hawakuweka alama, ingawa mara nyingine waliandika ile alama ya irabu ndefu iitwayo apeksi. Sawa, lakini wao Kilatini walikinyonya na maziwa ya mama.

Halafu majedwali ya viishio. Vitabu vingi vya Uingereza huweka akuzativi, yaani ya mtendwa, karibu na nominativi, vya Marekani huisukuma nyuma ya jenitivi (ya mwenye mali) na dativi (ya anayepewa). Umeshakariri kwa mpangilio mmoja, unabadilisha kitabu, kila kitu kinavurugika kichwani. Jamani, kaeni mkubaliane.