Siku 90 ni Nyingi Mno: Rejista, Alama za Shuleni na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, chumba cha walimu hugeuka karakana. Rejista zimetandazwa mezani, kalamu ya bluu huku, nyekundu kule, na mwalimu wa darasa anajaza wiki tatu kwa mkupuo kwa mkwaju, ule mstari wa kuonyesha mwanafunzi yupo: mkwaju, mkwaju, mkwaju. Akifika kwenye jina ambalo sura yake haimjii, anamuuliza mwenzake, "Huyu wa HGL," yaani mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza, "bado yupo?" Mwenzake anatikisa kichwa kwa namna inayoweza kuwa ndiyo, inayoweza kuwa hapana. Mkwaju unawekwa. Nimezijaza hivyo mimi mwenyewe miaka ile nikifundisha, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo simsemi mtu. Ninachosema ni kwamba wapo wanaotaka kitabu hichohicho ndicho kiamue nani akae kwenye chumba cha mtihani mwezi Mei na nani abaki nje.

Hapa Tanzania hoja hii huamka kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Upande mmoja unasema mwanafunzi asiyehudhuria asiruhusiwe kufanya mtihani, na kazi za darasani zihesabiwe kwenye cheti ili aliyesoma miaka miwili asilingane na aliyebahatisha siku tatu. Upande wa pili unasema mtihani ni mtihani: anayejua anajua, hata kama alisomea chini ya mwembe. Tatizo la mjadala wenyewe ni kwamba mahudhurio na alama za shuleni vinafungwa kamba moja, ilhali kila kimoja kina ugonjwa wake.

Tuanze na huyu anayezungumziwa. Wa kidato cha tano na sita ana miaka 17, 18, wengine 20. Oktoba 2025 wapo waliokuwa na haki ya kupanga foleni ya kupiga kura, na Jumamosi iliyofuata bado walihitaji karatasi yenye saini ya mwalimu wa zamu ili watoke getini kununua dawa ya meno. Isitoshe, sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne. Kwa sera hiyo, anayepanda kwenda cha tano amejichagulia. Kumfukuzia kwa fimbo ileile ya mtoto wa darasa la nne kuna walakini, na hata walimu wa nidhamu wanalijua hilo; wakibaki peke yao watakwambia.

Sasa utoro. Shuleni tuna majina mawili. Kuna mtoro sugu, aliyepotea kabisa, na kuna utoro wa rejareja: leo yupo, kesho hayupo, Alhamisi amekuja kipindi cha tatu, Ijumaa kuna mnada. Utaratibu tuliouzoea ni kwamba asiyeonekana siku 90 mfululizo bila sababu jina lake hufutwa. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, kwa hiyo tunasubiri karibu nusu ya mwaka ndipo tuseme huyu amepotea. Na neno lenye kazi pale ni "mfululizo". Wa rejareja hatafutwa hata siku moja. Anakosa siku mbili kila wiki, na akitokeza asubuhi moja tu hesabu inarudi sifuri. Kwa maneno mengine, kanuni inamkamata aliyekwisha kuondoka na kumwacha anayeondoka polepole.

Kwa cha tano na sita liko na jingine ambalo rejista hailioni vizuri, nalo ni kuchelewa kuripoti. Wengi hupangiwa shule za bweni za serikali, mikoa ya mbali. Wa Mtwara anajikuta Kagera. Ada iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na hilo lilisaidia sana, lakini ada haikuwa godoro, wala nauli ya siku mbili ya basi, wala ndoo, shuka na michango iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Masomo yanaanza Julai, kijana anafika Agosti baada ya mahindi kuuzwa. Ukimwekea sharti la asilimia fulani ya mahudhurio, umemhukumu kwa bei ya mahindi.

Wanaopinga sharti la mahudhurio wana ushahidi mmoja mzito ambao sijaona ukitumiwa inavyostahili. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha sita, ambao kwa kawaida hufanya mtihani Mei, walirudi tarehe 1 Juni na mtihani ukaanza tarehe 29 mwezi huohuo. Miezi miwili na ushee nyumbani, bila kengele, bila rejista. Matokeo? Ufaulu wa taifa ulikaa palepale ulipokuwa mwaka 2019, asilimia 98 na kitu. Ukitafuta mtu wa kukuthibitishia kwamba kijana wa umri ule anaweza kujisomea mwenyewe, kundi lile lilifanya hivyo nchi nzima kwa mpigo.

Lakini tusiruke haraka. Machi yenyewe ilikuwa mwishoni mwa safari: shule nyingi huwa zimemaliza mada wakati huo, zinarudia tu na kufanya mitihani ya majaribio. Walikuwa wamekaa darasani zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya geti kufungwa. Tena, asilimia 98 ni chujio lenye matundu makubwa. Inambeba wa daraja la kwanza na wa daraja la nne kwenye kapu moja; kijana aliyeteremka kutoka la kwanza hadi la tatu kwa kukosa pa kusomea usiku haonekani humo. Na wale hawakuwa watoro. Walikuwa na kiu ya mtihani, wakazuiwa. Asiyekuja shule kwa sababu amechoka nayo ni mtu mwingine.

Halafu kuna maabara, na hapa kauli ya "anayejua anajua" inakwama. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anaweza kuisoma titresheni, ile ya kupima nguvu ya asidi kwa kuitiririshia besi hadi rangi igeuke, kitabuni mpaka akaikariri. Mpe sasa pipeti, ile neli ya kuvutia kimiminika. Anavuta, povu linaingia, anamwaga, anavuta tena. Anafungua bureti, neli ndefu yenye koki, kama bomba la kioski, rangi inapita pinki hafifu inakuwa pinki ya kanga, na usomaji wake wa kwanza unapishana na wa pili kwa sentimita za ujazo mbili nzima. Mkono haufundishwi kwa notisi za kupiga picha kwenye simu. Ukikosa vipindi vinne vya vitendo, umekosa kitu ambacho usiku wa kukesha hauwezi kukurudishia. Wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) akikosa wiki mbili anaazima daftari. Hawa wawili kuwawekea sharti moja la mahudhurio ni uvivu wa kufikiri.

Na serikali yenyewe ilishakubali zamani kwamba mtihani na kiti cha darasani vinaweza kuachana. Mtahiniwa wa kujitegemea aliyepata C tatu kidato cha nne hujisajili na kuufanya mtihani wa kidato cha sita, hakuna anayemuuliza alikaa wapi. Basi ukimzuia wa shule kwa sababu ya mahudhurio, humzuii kufanya mtihani. Unamtuma tu aujie kwa mlango wa pili mwaka unaofuata.

Upande wa alama za shuleni nao una historia. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, la chama tawala TANU, nchi iliamua kwamba mtihani mmoja wa mwisho usiwe hakimu pekee, na tangu 1976 kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa. Wazo lilikuwa zuri. Kila baada ya miaka kadhaa limekuwa likipindwapindwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa kupata daraja sifuri, nchi ilitikisika, na mwishoni mwa 2013 ikatangazwa kwamba maendeleo ya shuleni yabebe alama 40 na mtihani wa mwisho 60.

Hoja ya kuzihesabu ni nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Chuo kikuu kinamsubiri kijana huyu na mizani tofauti kabisa: kwa vyuo vingi koziweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Anayetoka kwenye utamaduni wa kulala miaka miwili na kuamka Machi anafika mwaka wa kwanza, anadharau majaribio ya wiki ya tano, na Februari anashangaa kuona ana sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Hakufeli kwa kukosa akili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Jumanne ya kawaida ina alama.

Ila alama hizo anazitoa nani? Mwalimu ambaye mkuu wake anapimwa kwa matokeo, katika shule ambayo mmiliki wake anatangaza daraja la kwanza kwenye mabango. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora Januari 2023, na ninaamini lilifanya vyema, lakini mabango hayakushuka. Mpe mwalimu huyo alama 30 za kugawa peke yake uone kama kuna mtoto atakayepata 14. Kuna na upande wa pili usiosemwa: shule zinazokaza majaribio makusudi ili wenye wastani mdogo wahame kabla hawajaharibu takwimu. Huko alama ni chujio, na serikali imezikemea shule hizo mara kadhaa. Kwa hiyo 24 ya shule hii haina undugu na 24 ya shule ile.

Wakenya wamelijaribu jambo hili kwa ujasiri zaidi. Kundi la kwanza la mtaala mpya lililoingia shule za sekondari pevu (kuanzia gredi ya 10) Januari 2026 lilipangiwa nafasi kwa mchanganyiko: asilimia 60 mtihani wa kumaliza gredi ya 9, asilimia 20 tathmini ya gredi ya 6, na asilimia 20 kazi zilizopimwa shuleni. Muundo unavutia. Lakini muulize mzazi yeyote wa Nairobi nani alikesha akigandisha katoni kwa gundi kutengeneza mradi wa mtoto wake.

Mimi nasimama wapi? Mahudhurio yasiwe kufuli la chumba cha mtihani kwa kidato cha tano na sita, isipokuwa kwenye masomo ya vitendo, na hapo kinachohesabiwa kiwe vipindi vya maabara vilivyofanyika kweli, si mikwaju ya rejista. Maana zipo shule ambazo maabara yenyewe imefungwa kwa kukosa kemikali. Huko mtoro ni nani? Alama za shuleni nazikubali kwa kiasi kidogo, tuseme 20, na kwa kazi inayoweza kushikwa mkononi tu: daftari la vitendo, utafiti mdogo wa jiografia, insha ndefu iliyoandikwa kwa rasimu tatu. Mtu wa wilaya nyingine aje achague kumi bila taarifa, azisahihishe upya, na shule iliyopandisha alama zake zishushwe zote. Ni gharama, najua. Mtihani mmoja ni rahisi zaidi, na huo ndio utetezi wake wa kweli. Wanaosema ni wa haki zaidi wanauremba.

Rejista nayo nadhani tumeipa kazi isiyo yake. Ingekuwa king'ora. Siku ya tatu mtoto hayupo, mtu apige simu. Siyo barua ya siku ya 90 kwa afisa mtendaji wa kata. Watu watauliza vocha ni ya nani, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu darasa langu la mwisho lilikuwa na majina 62 na vocha ilikuwa yangu.

Niliwahi kupiga moja ya simu hizo, kwa baba wa kijana wa kidato cha tano ambaye mwenzangu alinitonya kwamba hajamwona. Ikapokelewa na kijana mwenyewe. "Shikamoo mwalimu. Baba yuko shambani, mimi nimebaki na duka." Nyuma yake nikasikia mteja akiomba nusu kilo ya sukari, na mizani ikigonga. Nikamuuliza yuko huko tangu lini. "Wiki ya pili sasa, mwalimu." Nilipokata simu nikaifungua rejista kwenye jina lake. Wiki zote mbili alikuwepo, asubuhi na mchana, na mikwaju ilikuwa ya mkono wangu.