Joto la kiwandani: dakika za kupumzika alipe nani?

Tangu Julai 2024, mwenye kiwanda au ghala huko California analazimika kisheria kuwapa wafanyakazi wake maji na mahali pa kupoa pindi joto la ndani linapofika takriban nyuzijoto 28 za Selsiasi. Ilete sheria hiyo Dar es Salaam, Chang'ombe au Mikocheni, mwezi wa Februari, uone. Asubuhi tu, kazi haijachanganya, kikomo kimeshapitwa. Kwa hiyo waajiri wanaposema namba za wenzetu hazitufai, wana hoja. Kasoro ni kwamba wengi wao wanaishia hapo hapo.

Tuanze na mwili wenyewe. Binadamu hujipoza kwa jasho, ila jasho hupoza pale linapokauka. Hewa ya Pwani imeshiba unyevu, jasho linatiririka tu, halikauki. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani peke yake kinadanganya, na wataalamu hutumia kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, mwendo wa hewa na mionzi ya jua au ya mashine. Sasa chukua chumba cha kupigia pasi katika kiwanda cha nguo. Kila shati linapobanwa, mvuke unampanda mpigaji pasi usoni. Juu yake kuna bati lililopigwa na jua tangu asubuhi. Fulana inalowa, inakauka wakati wa chakula na kuacha michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, kisha inalowa tena. Chupa ya maji ipo chini ya meza, lakini anayekunywa sana atakwenda chooni sana, na anayekwenda chooni sana hatafikisha tageti. Nitairudia hoja hiyo, kwa sababu naona ndiyo kiini cha ugomvi wote.

Upande wa mwajiri usikilizwe pia. Kuna kazi ambazo joto na unyevu si uzembe wa mtu. Uzi wa pamba ukisokotwa katika hewa kavu hukatika ovyo, kwa hiyo viwanda huongeza unyevu kwa makusudi, na feni kubwa zinapeperusha vumbi la pamba kila mahali. Si jambo geni. Wafumaji wa Lancashire, Uingereza, walilalamikia mvuke uliopulizwa kwenye vyumba vyao vya kazi hadi mwaka 1889 ikatungwa sheria ya viwanda vya nguo za pamba, yenye jedwali la unyevu unaoruhusiwa kwa kila kiwango cha joto. La kushangaza, Uingereza hiyo hiyo leo haina kikomo cha juu cha joto kazini kwa wafanyakazi wote. Sheria yake inasema joto liwe la kiasi cha kuridhisha, basi.

Halafu kuna bili ya umeme, na kuna mnunuzi wa ng'ambo anayetaka mzigo kwa tarehe aliyopanga yeye. Na kuna ukaguzi: kiwanda kikubwa chenye geti na bango hufikika kwa urahisi, wakati karakana ya kuyeyusha vyuma uchochoroni hakuna anayeibisha hodi. Mwenye kufuata sheria anabeba gharama ambayo mshindani wake haioni kabisa. Malalamiko hayo nayaona ya kweli.

Hoja nisiyoikubali ni ile ya “watu wetu wameshazoea joto.” Mwili kweli huzoea, lakini huchukua wiki moja hadi mbili za kazi kwenye joto lenyewe, na mtu akikaa nje ya kazi kwa muda mazoea hayo huanza kupotea. Kuzaliwa Temeke hakumwandai mtu kusimama mbele ya tanuri. Mamlaka za usalama kazini za Marekani zinasema karibu vifo vitatu kati ya vinne vinavyotokana na joto kazini hutokea wiki ya kwanza ya kazi. Ushauri wa huko ni kwamba mgeni afanye asilimia 20 tu ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Linganisha na kibarua wetu anayechaguliwa getini alfajiri, akapewa kazi nzito kuliko zote kwa kuwa ndiye mgeni, na kesho akachukuliwa mwingine.

Hasara ya joto inapimika. Utafiti wa viwanda vya India uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta uzalishaji wa mwaka ukipungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka. Bangalore, viwanda vya nguo vilivyobadilisha taa na kuweka za LED ili kuokoa umeme viligundua faida ya pili: taa hizo hutoa joto kidogo, na siku za joto kali kazi ilikwenda vizuri zaidi. Hapo mtu atauliza, kama kupoza kunalipa, mbona wenye viwanda hawakimbilii? Sehemu ya jibu ni kwamba pale mtu anapolipwa kwa idadi ya vipande, hasara ya joto inaanzia mfukoni mwake. Mwajiri analipa mashati yaliyopigwa pasi. Yale ambayo mtu hakuyafikia kwa sababu ya kizunguzungu hayamo kwenye hesabu.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, lakini haimlazimishi mwajiri kuilipia saa hiyo. Marekani nao wanavutana hapo hapo. Pendekezo la kanuni ya taifa lililotangazwa 2024 linataka dakika 15 zenye malipo kila baada ya saa mbili joto linapokuwa kali, huku Texas mwaka 2023 na Florida 2024 zikipitisha sheria za kuzizuia serikali za mitaa zisijiwekee masharti yao. Na dakika 15 kwa saa mbili si kidogo: ni sehemu moja ya nane ya muda wa kazi. Anayesema haitamgusa mwajiri hajawahi kuendesha kiwanda.

Ndiyo maana nisingetaka namba moja kwa kiwanda kizima. Ofisi ya mhasibu na chumba cha pasi si mahali pamoja. Pimeni kila sehemu, vipimo vibandikwe ukutani ambapo kila mtu anaviona, na dakika za kupoa zipatikane kwa zamu pale penye moto kweli. Kiasi chake kinaweza kujadiliwa katika mikataba ya hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, maana wao wanaijua kazi yao kuliko Bunge. Ila vibarua mara nyingi hawamo kwenye mikataba hiyo, kwa hiyo kanuni ya kumwanzisha mgeni polepole wiki ya kwanza iwekwe kwenye sheria, na OSHA, wakala wetu wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waikague. Na tageti ya siku ipangwe dakika hizo zikiwa zimeshapunguzwa kwenye muda wa kazi. Zisipopunguzwa, mpigaji pasi ataambiwa yuko huru kupumzika, naye ataangalia rundo la mashati na kubaki pale pale.