Pointi za Malindi zilikwenda wapi?

Mpwa wangu aliye Malindi alinitumia picha ya skrini juzi usiku. Ni orodha ya vyuo vikuu. Chuo alichopangiwa amekizungushia duara jekundu, kiko karibu na mkiani, na chini ameandika: "Mjomba, hapa kweli nitasoma kitu? Si unitafutie nafasi huko Uholanzi?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Ndiyo sababu ya waraka huu.

Mimi si profesa. Nina miaka 11 huku, na minane kati ya hiyo nimeila kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja, nikiingiza machapisho ya wahadhiri kwenye kompyuta: nani kaandika, jarida gani, mwaka gani, kashirikiana na nani. Nikikosea jina la idara, makala inapotea kwenye hesabu na simu inalia kabla kahawa haijapoa. Kwa hiyo hizo orodha ninazijua kwa upande wa jikoni. Mpwa wangu anaziona zikishapakuliwa.

Tazama ile ya Shanghai, iliyoanza 2003. Asilimia 30 ya alama ni tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati: 10 kwa waliosoma chuoni hapo, 20 kwa wanaofanya kazi hapo. Asilimia 20 ni watafiti wanaonukuliwa sana. Nyingine 20 ni makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science. Nyingine 20 ni makala zilizomo katika faharasa kubwa za kimataifa. Kumi za mwisho ndizo zinazoangalia ukubwa wa chuo, yaani kazi yote hiyo ikigawanywa kwa vichwa vya wahadhiri. Sasa mtafute mwanafunzi humo. Mtafute mwalimu ambaye akieleza jambo darasa zima linaelewa. Hayumo.

Hilo la kugawanya kwa vichwa ndilo lenye haki kidogo, maana chuo chenye wahadhiri wachache wachapakazi hakimezwi na jitu lenye maelfu. Kampuni moja ya Marekani, Academic Analytics, ilijijengea jina kwa njia hiyo. Orodha yake iliyotoka 2007 ilihesabu vitabu, makala, kunukuliwa, ruzuku na tuzo kwa kila mhadhiri. Lakini ukishamhesabu mtu kichwa kwa kichwa, mwajiri naye ataitaka hesabu hiyo. Mwishoni mwa 2015 walimu wa kitivo kimoja cha Rutgers, chuo kikuu cha hukohuko Marekani, walipiga kura takwimu za kampuni hiyo zisitumiwe kuamua nani apandishwe cheo.

Na watu wakihesabiwa hujifunza kuhesabika. Nimeona utafiti mmoja ukikatwa vipande vinne kama mkate wa mofa, kila kipande makala yake. Kuna kipimo kinachoitwa h, alichokitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala kumi zilizonukuliwa mara kumi au zaidi kila moja, h yako ni kumi. Nilipokuja huku sikukijua. Sasa nakutana na watu wanaoijua h yao kuliko siku ya kuzaliwa ya mtoto wao. Na mwaka huohuo wa kura ya Rutgers ilitoka makala moja ya fizikia yenye waandishi 5,154. Kurasa 9 za sayansi, 24 za majina na anwani zao. Kila jina lina chuo chake, na kila chuo kinaitaka makala hiyo.

Turudi nyumbani. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na sisi wadogo alikuwa akitusimulia moto ulioruka kutoka baharini. Tulidhani ni hadithi za majini. Kumbe ni San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei inayotoka angani. Kwa ajili ya siku hiyo na wenyeji wake wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili hichihichi. Habari zake ndizo zilizowaelekeza wanasayansi kwenye Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki. Kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa kanuni ya Shanghai, tuzo kama ile huzaa pointi mahali pawili: chuo alichosoma mshindi, kwake yeye Milano, na chuo anachofanyia kazi siku anayoshinda. Bahari iliyorushiwa haimo. Sisemi tudai, maana wavuvi wa Ngomeni hawakutengeneza satelaiti. Nasema tu kwamba jina la Kiswahili lilikwenda angani na huku chini halikuacha hata maabara moja ya chuo kikuu.

Kilifi ndiko kunakoniuma zaidi, kwa sababu huko kazi inafanyika hasa. Tangu 1989 kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, wafadhili wa utafiti wa Uingereza, kipo pale pembeni ya hospitali. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Makala zake zimesomwa dunia nzima. Lakini KEMRI si chuo kikuu, kwa hiyo kwenye orodha aliyonitumia mpwa wangu haina mstari. Watafiti wake wengi wana mguu mmoja Oxford, na Oxford ina mstari, tena wa juu kabisa. Hakuna aliyeiba. Ndivyo jedwali lilivyochorwa.

Na Mwalimu Ahmad Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, mwana wa Lamu aliyefariki 2017? Huyu ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga. Maprofesa kutoka Ulaya walikuwa wakimwendea kumuuliza tungo za kale, vyombo vya baharini na lahaja, wakirudi na madaftari yamejaa. Sijui h ya mtu kama huyo ungeihesabu vipi.

Kinachonichekesha ni kwamba huku wameanza kuchoka. Chuo Kikuu cha Utrecht kilitangaza mwaka 2021 kwamba hakitatazama tena ukubwa wa jina la jarida kinapoajiri na kupandisha watu vyeo, na mwaka 2023 kikaacha kupeleka takwimu zake kwa orodha ya Times Higher Education. Nyumbani ndiyo kwanza mabango yanapanda barabarani: nambari fulani Afrika Mashariki! Mara nyingi ukichungulia ni orodha ya Webometrics, ambayo nusu ya alama zake hutokana na tovuti nyingine kuweka viungo vya kwenda kwenye tovuti ya chuo.

Hata hivyo sitamwambia mtu nyumbani aige Utrecht. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Utrecht ikijitoa kwenye orodha, kesho wanafunzi watajaa vilevile, jina limekwishajengwa karne kadhaa. Chuo kichanga cha Pwani kikijitoa, hakuna atakayejua kama kipo. Tena vigezo vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, vilivyoweka pointi za machapisho kwa anayetaka kupanda cheo, viliwaamsha wengine waliokuwa wakisoma noti zilezile za manjano miaka ishirini. Kuhesabu si kosa. Mimi nagombana na anayechukua hesabu ya nani aliandika na jarida gani, akamuuzia mtoto wa miaka 18 kama hesabu ya nani atamfundisha.

Basi nilimwambia mpwa wangu aende mwenyewe chuoni kabla ya kukikataa. Aulize mwaka wa kwanza unafundishwa na nani, darasa lina watu wangapi, maabara hufunguliwa siku gani. Alipanda matatu asubuhi. Adhuhuri akanitumia picha nyingine: mlango wa maabara, kufuli kubwa la shaba. "Mjomba, unaona?"

Nimemwandikia arudi Jumatatu, aulize ufunguo uko kwa nani.